Betri Husingiziwa Bure

Ni jambo la kusikitisha kwamba mashine ikikataa kuwaka, hukumu ya kwanza huangukia betri. Hapa Kikopey, madereva wasimamapo kula nyama choma kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru, ushauri ni huo huo: nunua nyingine! Shule moja jirani ilinunua mbili katika muhula mmoja, kwa ajili ya kitrekta cha kukatia nyasi uwanjani. Zote zikafa.

Mimi hushika mita kwanza. Betri ya volti 12 iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, husoma takriban 12.6. Injini ikinguruma kwa kasi, yapasa kupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5. Isipopanda, betri haina hatia; hailishwi. Pale shuleni mita ilisoma 12.1, ikazidi kushuka.

Katika mashine hizi, sumaku huzunguka pamoja na gurudumu la injini na kuzalisha mkondo geu katika koili. Kidhibiti huugeuza kuwa mkondo mnyoofu, na mara nyingi hutegemea kugusana na fremu, chuma kwa chuma. Nilipofungua boliti zake nilikuta kutu na vumbi la Bonde la Ufa. Nikasugua kwa msasa. Mita ikapanda hadi 14.1.

Wanafunzi wa kidato cha nne waliokuwa wakitazama waliujua ugunduzi wa Faraday wa mwaka 1831, tarehe na yote. Hakuna aliyewahi kushika mita. Walimu wenzangu, je, mita moja na kipande cha msasa ni ghali kuliko betri mbili?