Joto Lisilo na Mnunuzi

Modogashe, pale barabara ya kutoka Garissa inapokutana na ile ya Isiolo na Wajir, joto halina bei. Limejaa tele, na hakuna anayelitaka.

Helsinki, Finland, mambo ni kinyume. Huko, ambako Wasomali wengi walihamia tangu miaka ya 1990, joto ni bidhaa na bili yake hulipwa. Kituo cha Hanasaari B kilianza kazi mwaka 1974, kikichoma makaa ya mawe karibu na katikati ya jiji. Mvuke uliendesha mitambo ya umeme, kisha joto lililobaki likapasha moto maji yaliyopita kwa mabomba chini ya barabara hadi majumbani. Siri ya faida ilikuwa hapo. Kituo cha makaa kinachozalisha umeme peke yake hupoteza zaidi ya nusu ya nishati. Kinachouza umeme na joto pamoja huweza kutumia hadi asilimia 90 hivi.

Hesabu hiyo haikufika Lamu. Kampuni ya Amu Power ilitaka kujenga kituo cha makaa cha megawati 1,050 huko Kwasasi, lakini nani pwani angenunua maji moto ya kupasha nyumba? Wavuvi walihofia maji ya moto yangeishia baharini, kwenye samaki wao. Juni 26, 2019, jopo la kitaifa la mazingira lilifuta leseni, likisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka uliofuata benki ya ICBC ya China ikajitoa kuufadhili mradi huo.

Njia nyingine ilikuwa jua: Desemba 13, 2019, Rais Uhuru Kenyatta alizindua kituo cha sola cha Garissa, chenye uwezo wa megawati 50 na ushei. Hakichomi chochote. Umeme wake, hata hivyo, huingia kwenye gridi ya taifa, huku miji ya Wajir na Mandera ikiendelea kutegemea majenereta ya dizeli. Mgawanyo huo wa umeme ndio unaostahili lawama.

Hata Helsinki imeachana na makaa: Hanasaari ilizimwa 2023, na kituo kingine, Salmisaari, kikaacha kuchoma makaa 2025. Sehemu ya joto la jiji sasa hutolewa kwenye majitaka kwa pampu kubwa, zinazofanya kazi kama friji.

Na friji ndiyo inayohitajika huku kaskazini. Maziwa ya ngamia kutoka Isiolo husafiri kwa basi hadi Eastleigh, Nairobi. Yasipopozwa mapema, huchacha njiani na mnunuzi hushusha bei.