Mpenzi, Tuanzishe Saida? Kabla ya Kununua Epo, Kaeni Mezani

Ingia baa yoyote yenye hadhi kidogo, iwe Dar, Arusha au Mwanza, na angalia meza ya wadada. Hutakosa chupa ya Savanna yenye kipande cha limau kimechomekwa mdomoni. Kinywaji hicho ni saida, yaani juisi ya epo iliyochachuka, na kimetoka Afrika Kusini, kilikoanza kuuzwa mwaka 1996. Hata epo nyingi zinazouzwa kwenye mataa zinatoka huko huko. Mjasiriamali mwenye macho hapo lazima ajiulize: hivi sisi tunashindwa nini?

Tuseme wewe na mwenzi wako mmepangiwa kazi Sumbawanga. Mmoja mwalimu, mwingine yuko benki. Marafiki wa Dar wanawatania kuhusu uchawi, wanadhani mmehamia mwisho wa dunia. Mna kiwanja kata ya Mollo, mna akiba kidogo, na jioni moja mmoja wenu anasema, "Mpenzi, tuanzishe saida yetu." Wazo si baya hata kidogo. Kasheshe iko mahali ambapo wengi hawapaangalii.

Baridi ni mtaji

Sumbawanga iko juu, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na kibaridi chake cha Juni na Julai si mchezo. Kwa mtengeneza saida hiyo ni neema. Juisi ikichacha polepole kwenye ubaridi hubaki na harufu ya tunda, lakini ikichacha kwenye joto la Dar, harufu huondoka mapema.

Epo za kuanzia mnaweza kuagiza Njombe na Makete, zinakolimwa, zikapita Mbeya na Tunduma hadi kwenu kwa lami. Mkitaka kupanda zenu, tafuteni aina zisizodai baridi kali kama Anna, na pembeni yake pandeni Dorsett Golden ili zichavushane. Anzeni na miche michache kwanza muone ardhi yenu inasemaje, kwa sababu mche uliobebeshwa hukaa miaka 3 hivi kabla ya kuzaa vizuri.

Msiwadharau akina mama wa ulezi

Ufipa haijaanza kupika pombe jana. Akina mama wa huko wanaotesha ulezi, wanaanika kimea, na wanajua kwa kunusa tu kama pipa limeharibika. Nendeni mkakae nao, amkieni kwa heshima, ulizeni. Wachaga walikuwa na mbege yao ya ndizi na ulezi, na leo kampuni ya Banana Investments ya Arusha, iliyoanza miaka ya 1990, inauza vinywaji vya ndizi vikiwa kwenye chupa zenye lebo. Ujuzi wa nyumbani ukiongezewa usafi na vipimo, unakuwa kiwanda.

Hesabu ya chupa 150

Epo kilo 100, zikisagwa na kukamuliwa kwa mashine ndogo ya mkono, hutoa juisi lita 50 hadi 60. Tia hamira ya mvinyo, si ile ya maandazi. Funika pipa kwa kifuniko chenye mrija unaoishia kwenye maji, ili gesi itoke na hewa isiingie. Hewa ikiingia, mtauza siki.

Kuchacha huchukua wiki 2 hadi 3, baridi ikizidi hata zaidi. Kisha mnahamishia saida kwenye pipa safi, mnaacha machicha chini, na inatulia mwezi mmoja au miwili. Nunueni haidromita, kile kipimo cha kuelea kinachoonyesha sukari. Juisi ikianza kwenye 1.050 na ikachacha hadi mwisho, kilevi kitakuwa kama asilimia 6.

Mkitaka mapovu, ongezeni gramu 7 hivi za sukari kwa kila lita siku ya kujaza chupa, baada ya kipimo kuonyesha kwamba kuchacha kumekwisha. Tumieni chupa za bia zilizo imara. Chupa nyembamba ya mvinyo au ya pombe kali inaweza kupasuka kama bomu stoo. Lita 50 zinajaza chupa kama 150 za mililita 330. Angalia kalenda sasa: hela yenu imelala karibu miezi 3 kabla ya chupa ya kwanza kuuzwa. Kwa hiyo hela ya kodi ya nyumba na ada ya mtoto isiguswe.

Karatasi kwanza

Msianze kuuza kwa kificho. Sheria ya Vileo ipo tangu 1968, na leseni mnaulizia halmashauri. Jina la biashara linasajiliwa BRELA. TRA watawapa namba ya mlipakodi na kuwaeleza ushuru wa bidhaa na stempu zake za kielektroniki. Ubora wa vyakula na vinywaji uko chini ya TBS tangu 2019, kazi hiyo ilipotoka TFDA. SIDO, iliyoundwa 1973, ina ofisi mikoani na ni pa kuanzia kwa ushauri wa mashine na vifungashio. Na mkumbuke viroba: Machi 2017 serikali ilipiga marufuku pombe ya vifuko vya plastiki, na aliyekuwa na stoku alibaki nayo. Kwenye pombe, sheria hugeuka haraka.

Sasa, jina la nani?

Hapa ndipo mapenzi yanapojaribiwa. "Baby, tuandike jina langu tu, wewe uko bize na kazi." Inasikika tamu, ila soma Sheria ya Ndoa ya 1971. Mali iliyopatikana ndani ya ndoa ikiandikwa jina la mmoja, sheria inaanza kwa kuichukulia kuwa ni ya huyo mmoja, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ikiandikwa majina yote mawili, inachukuliwa kuwa ni nusu kwa nusu. Yaani ile fomu mnayojaza kwa dakika chache inaweza kuamua mengi miaka 10 baadaye.

Kuna kesi maarufu ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983. Mahakama ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Ushindi mkubwa kwa wanawake wa Bongo! Lakini Bi Hawa mwenyewe rufaa yake haikufaulu, kwa sababu mume alikuwa ameshampa hela ya biashara na hela hiyo ikapotea. Somo ni kwa wote wawili: mchango unahesabika, na matumizi nayo yanahesabika.

Kwa hiyo kabla ya kilo ya kwanza ya epo, kaeni mezani mwandike mambo manne. Nani ametoa shilingi ngapi. Nani anafanya kazi gani, pamoja na yule anayeosha chupa saa 5 usiku huku mwenzie amelala. Faida inagawanywaje. Na stoku ya kunywa nyumbani ni chupa ngapi kwa mwezi, kwani biashara ya pombe huliwa na wenyewe kabla ya wateja. Shemeji na washkaji nao walipe, jamani.

Kama mwenzi wako anakasirika ukitaja karatasi, usiende naye BRELA wiki hiyo. Bora mgombane leo mezani, mkiwa na daftari na kikombe cha chai, kuliko mgombane mbele ya hakimu kuhusu mapipa yaliyojaa.