Injini na Sailensa katika Ndege ya Mfano: Pa Kuingilia na Pa Kutokea Hewa

Makala haya yanahusu jinsi injini na sailensa vinavyofungwa katika ndege ya kivita ya mfano, ile inayoongozwa kwa redio. Najua msomaji wa jarida letu atajiuliza jambo hili limeingiaje katika idara ya Kiswahili. Liliingia kwa mlango wa tafsiri, na lilipotoka lilikuwa limeshatuharibia injini moja.

Mwanafunzi mmoja wa uhandisi alikuja ofisini kwangu na kijitabu cha Kiingereza. Mjomba wake anayeishi Uingereza alikuwa amemletea Spitfire ya mfano, yenye mabawa ya upana wa sentimita 160, yaani takriban sehemu moja ya saba ya ile halisi. Mbao zilikwisha kuunganishwa. Injini ilikuwa bado ndani ya boksi lake. Fundi aliyempata Katwe, hapa Kampala, ni Mkongomani, hodari sana wa vyuma vidogo. Anajua Kiswahili na Kifaransa, Kiingereza hakisomi. Basi kijana akaomba tumtafsirie. Nami, kwa kuwa nilikuwa na darasa la mwaka wa tatu la tafsiri lililokuwa likilalamika kwamba matini zetu ni hotuba na matangazo tu, nikawapa kazi hiyo.

Rasimu ya kwanza ilitufurahisha wote. Tangi la mafuta lilikuwa limegeuka "kifaru cha mafuta", kwa sababu matini ilizungumzia ndege ya vita na mtafsiri akadhani vita vinaendelea. Sailensa ilikuwa "skafu", maana kwa Kiingereza neno ni moja kwa kitambaa cha shingoni na kwa chombo cha kupunguza kelele za injini. Injini inayopata mafuta mengi kuliko hewa iliitwa "injini tajiri". Haya niliyaona na kuyasahihisha. Lililonipita nitalieleza mahali pake, kwa sababu halieleweki bila kwanza kujua kilichomo ndani ya pua ya ndege hiyo.

Spitfire halisi ya mwanzo ilikuwa na injini ya Merlin: silinda 12 zilizopangwa safu mbili kwa umbo la herufi V, jumla ya lita 27, ikipozwa kwa kimiminika kilichopitishwa katika rejeta iliyo chini ya bawa. Moshi ulitoka kwa mabomba mafupi kila upande wa pua. Ndiyo maana pua yake ni ndefu na nyembamba. Ndege ya mfano ina silinda moja tu ya sentimita 10 za ujazo, ya mipigo miwili, nayo hupozwa kwa upepo. Silinda hiyo imesimama kama kidole gumba, na ubavuni mwake hubeba sailensa yenye ukubwa unaokaribia injini yenyewe. Hapo ndipo shida inapoanza. Mwenye ndege anataka pua ifanane na ile ya mwaka 1940. Injini kwa upande wake inataka upepo, na moshi unataka njia. Boneti ni moja.

Kazi huanza kwenye ubao wa injini, yaani ubao mnene wa plaiwudi unaotenga chumba cha injini na sehemu nyingine za ndege. (Mwanafunzi mmoja aliutafsiri kwa istilahi ya ulinzi wa kompyuta. Sikumlaumu, ndiyo maana aliyoizoea.) Ubao huu hupakwa gundi ya epoksi uso mzima kabla ya kufungwa chochote, kwa kuwa mafuta yakiingia katika mbao hakuna gundi itakayoshika tena. Kitako cha injini hufungwa juu yake kwa bolti nne. Nacho hakikai sawasawa kabisa: injini huelekezwa kulia kidogo na chini kidogo, nyuzi mbili au tatu hivi, ili kupunguza tabia ya ndege kuvutwa kushoto propela inapozunguka kwa nguvu. Fundi asiyeambiwa atadhani ni kosa la kiwandani, na atalinyoosha.

Katika Spitfire wengi huigeuza injini kichwa chini, silinda ikaingia tumboni mwa boneti, kwa sababu juu pua ni laini na kila mtu huitazama. Kwa ndege ya Messerschmitt Bf 109 mpangilio huo hata una ukweli ndani yake, kwa kuwa injini halisi za ndege ile zilifungwa silinda zikiangalia chini. Ila una gharama zake. Plagi ikiwa chini, mafuta yanayovuja hukusanyika juu yake na kuizamisha. Plagi yenyewe si ya cheche. Ina waya mdogo wenye platini, unaowashwa kwa betri ya volti moja na nusu, na injini ikishashika moto waya huendelea kuwa mwekundu wenyewe. Mafundi wa magari ya dizeli wana neno kwa jamaa yake: hita plagi. Tuliliazima. Aidha, kimiminika hakibaniki kama hewa. Mtu akitumia stata ya umeme wakati silinda imejaa mafuta, mkono wa pistoni hupinda. Kwa hiyo kabla ya kuwasha, propela huzungushwa kwanza kwa mkono, pole pole, hita plagi ikiwa haijaunganishwa na betri. Ikikataa kupita, plagi hufunguliwa na mafuta yakamwagwa.

Tangi hukaa nyuma ya ubao, karibu na injini kadiri inavyowezekana. Kimo chake ni muhimu kuliko ukubwa wake: mstari wa katikati wa tangi ulingane na sindano ya kabureta au uwe chini yake kidogo. Injini ikigeuzwa kichwa chini, kabureta nayo hushuka, na tangi lazima lishuke. Wengi husahau hili, kisha wanashangaa mafuta kuingia injini yenyewe usiku kucha.

Tuje kwenye sailensa, ambayo ndiyo iliyotuchukua muda mrefu. Kazi yake ni rahisi kueleza. Moshi hutoka silinda ukiwa na moto na msukumo, kwa mapigo mafupi mafupi, maelfu kwa dakika. Ukiachiwa moja kwa moja angani, kila pigo ni mlipuko. Sailensa ni chumba kilicho kikubwa kuliko silinda: moshi huingia, hutanuka, hupoa kidogo, mwendo wake hupungua, ndipo hutoka kwa tundu dogo ukiwa umetulia. Tundu hilo likiwa dogo mno, moshi hurudi nyuma, nguvu hupungua na injini hupata joto. Likiwa kubwa mno, majirani hulalamika. Malalamiko hayo si madogo. Nchini Uingereza kanuni ya utendaji kuhusu kelele za ndege za mfano, ya mwaka 1982, ilitaja kiwango cha desibeli 82 kwa umbali wa mita 7, na viwanja vimewahi kupotea kwa sababu ya kelele.

Sailensa inafanya kazi ya pili ambayo wanafunzi hawakuitegemea. Kutoka ubavuni mwake huchomoza kichuchu, na kutoka kichuchu hicho mpira mwembamba wa silikoni hurudi hadi kwenye tangi. Msukumo wa moshi husukuma mafuta kwenda kwenye kabureta, hivyo injini hulishwa vizuri hata ndege inapopanda pua juu na tangi linapokaribia kuisha. Mpira huo wa silikoni unafaa kwa mafuta ya methanoli; kwa injini za petroli huharibika, na hutumika mpira wa aina nyingine.

Injini ya kijana wetu ilikuja na sailensa ya kawaida, ile ya kukaa nje kama chupa iliyofungwa ubavuni. Injini ikigeuzwa, chupa hiyo hutokeza upande wa kushoto, na Spitfire huonekana kama imevimba shavu. Kijitabu kilishauri sailensa ya ndani, iliyokunjwa kufuata umbo la injini, yenye vibomba viwili vinavyotoka chini ya boneti. Kati ya chumba chake na ukuta wa boneti pabaki nafasi ya kupitisha kidole, kwa sababu joto lake huunguza faibaglasi na rangi. Gasketi iwekwe mahali inapoungana na silinda. Bolti zake zikazwe tena baada ya kuwasha mara ya kwanza, maana alumini ikipata moto hutanuka na bolti hulegea. Nao uzito wake, ambao mtu angeuona ni hasara, katika Spitfire ni faida: pua ya mfano huwa nyepesi mno na wengi huishia kuijaza risasi ili ndege ikae kwenye mizani.

Vibomba hivyo lazima vitokeze nje kabisa. Mafuta ya injini hizi ni methanoli iliyochanganywa na nitromethani kidogo pamoja na mafuta ya kulainisha, mara nyingi takriban asilimia 18 hadi 20, na sehemu kubwa ya mafuta hayo hayaungui. Hutoka na moshi yakiwa mafuta. Baadhi ni mafuta ya mbarika, yale yale tuliyonyweshwa utotoni kwa kazi nyingine. Kibomba kikiishia ndani ya boneti, baada ya siku chache kila kitu kitakuwa kimelowa.

Sasa kosa lililonipita. Kijitabu kilisema kwamba boneti lina matundu ya namna mbili: la mbele linalopokea upepo, na la nyuma au chini linalouachia, na kwamba la kuachia liwe angalau mara mbili ya la kupokea. Sababu yake ni ya msingi. Hewa ikipita kwenye silinda hupata joto na kutanuka, hivyo huhitaji nafasi kubwa zaidi ya kutokea kuliko ile iliyoingilia. Isipoipata, hujazana ndani, na upepo mpya hupita nje ya pua bila kuingia. Wanafunzi wangu walikuwa wameyaita matundu yote mawili "tundu la hewa". Sentensi ikawa haina maana, tundu kuwa mara mbili ya tundu, basi wakailainisha: "Tundu la hewa lipanuliwe hadi mara mbili." Niliisoma. Ilikuwa Kiswahili safi. Nikaipitisha.

Fundi alifanya alivyoambiwa. Alipanua tundu la mbele kwa ustadi mkubwa. Ndege ikafungwa kwenye meza uani, injini ikawashwa, ikanguruma vizuri dakika tatu. Ya nne sauti ikawa nyembamba, ikakatika. Propela haikuzunguka tena kwa mkono. "Imenoki," akasema kijana. Fundi alifungua boneti, akanionyesha pistoni iliyochubuka upande mmoja, kisha akauliza bila hasira: "Mwalimu, mmenipa pa kuingilia tu. Pa kutokea ni wapi?"

Walimu wenzangu, angalieni alichofanya. Vitenzi ni *ingia* na *toka*. Katika kauli ya kutendea vikawa *ingilia* na *tokea*, na kauli hiyo, pamoja na kazi zake nyingine, huonyesha mahali tendo linapofanyikia. Akaweka *pa* ya mahali mbele yake, na istilahi mbili zisizoweza kuchanganywa zikapatikana: *pa kuingilia hewa* na *pa kutokea hewa*. Sisi tulikuwa tumetafuta nomino katika kamusi kwa wiki mbili. Mimi nimeifundisha kauli hiyo miaka mingi, tangu niliporudi na shahada ya uzamili kutoka Dar es Salaam, na mifano yangu ilikuwa daima ya kumpikia mtoto na kumwandikia baba barua.

Tulirekebisha tafsiri, fundi akarekebisha boneti. Alikata pa kutokea hewa tumboni, nyuma ya sailensa, akapanga vipande vya plaiwudi nyembamba pande zote mbili za silinda ili upepo ulazimike kupita katikati ya mapezi yake. Vipande hivyo ni muhimu hata pale ambapo pua ni pana. Ndege kama Corsair na P-47, zilizokuwa na injini ya duara ya silinda 18, zina pua kubwa inayomeza injini na sailensa bila taabu, na mtu hudhani joto haliwezi kuwa tatizo. Kumbe hewa inayoingia kwa mdomo mpana huizunguka silinda na kupita zake. Huko huzibwa mdomo karibu wote kwa sahani yenye silinda za bandia, likaachwa tundu mbele ya silinda halisi tu.

Injini ilipata pistoni na silinda mpya, ikawashwa tena. Safari hii sindano ilifunguliwa zaidi mwanzoni ili injini ipate mafuta mengi, ikapunguzwa kidogo kidogo, fundi akiwa amesimama nyuma ya propela na si mbele yake. Kisha ndege ikainuliwa pua juu kujaribiwa. Mngurumo ukipungua pua ikiwa juu, mafuta ni machache na sindano ifunguliwe tena. Haukupungua. Ruhusa ya kuirusha ni suala jingine, na kijana bado analifuatilia.

Tafsiri kamili, kurasa 14, ipo ofisini kwa yeyote anayetaka kuisoma. Vile vipande vya kuongoza upepo bado havina jina tulilokubaliana. Fundi huviita "kingo", darasa linataka "viongoza hewa", na mimi sijaamua. Mwenye neno lingine alilete kabla ya toleo lijalo.