Mchezaji wa kuazima hajengi timu

Ukifika ufuoni Diani mnamo saa kumi za jioni, maji yakiwa yametoka na mchanga umekuwa mgumu, utawakuta watoto wakigawana timu. Wawili walio hodari husimama mbele ya wenzao, kisha kila mmoja huchagua wake kwa zamu. Anayesalia mwisho, aghalabu mdogo kuliko wote, hupelekwa golini atake asitake. Na ikiwa mmoja wa viongozi hao wawili anaonekana mnyonge, wenzake hupiga kelele kwamba aanze yeye kuchagua, la sivyo mchezo utakuwa wa upande mmoja na hautakuwa na raha.

Msomaji, sheria hiyo ya watoto ndiyo Wamarekani waliyoiweka katika michezo yao ya kulipwa. Wanaiita drafti, wala si ile ya vizibo vya soda tunayocheza barazani. Mwaka 1935, Bert Bell, aliyekuwa mwenye timu ya Philadelphia Eagles na aliyechoshwa na kushindwa kila wiki, aliwapendekezea matajiri wenzake kwamba timu iliyoshika mkia ndiyo iwe ya kwanza kuchagua vijana wanaomaliza chuo. Walikubaliana, na Februari 1936 uchaguzi wa kwanza ukafanyika. Eagles, waliokuwa mkiani, wakamchagua Jay Berwanger, nyota wa Chuo Kikuu cha Chicago. Kijana huyo hakucheza hata mechi moja ya kulipwa maishani mwake. Kwa hivyo hata huko kuchagua wa kwanza si lazima kuwe ni kuchagua vyema.

Katika kandanda yetu hakuna utaratibu kama huo. Hapa anayechagua kwanza ni mwenye pesa. Aliye mkiani hula makombo, na msimu unaofuata huwa mkiani zaidi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikifikiri, mpaka timu ya mtaa wetu ilipovunjika.

Ng'ombe aliyetuponza

Timu yetu, upande wa Msambweni, ilivunjika bila mtu kuivunja. Mlinda lango alipata kazi ya ulinzi Saudi Arabia akaenda zake. Viungo wawili walichukuliwa na timu za Mombasa. Nahodha alinunuliwa pikipiki na mjomba wake, akawa mwana bodaboda, na jioni ambayo sisi tunafanya mazoezi ndiyo yeye anapata abiria. Wengine walimaliza kidato cha nne wakatawanyika. Katika muda wa miezi kama kumi hivi tukabaki na wachezaji saba, na mashindano ya kuwania ng'ombe yalikuwa yanakaribia.

Kamati ilikutana chini ya mwembe. Mimi si mwanakamati, ni shabiki tu, lakini katika timu ya mtaa shabiki hana kiti chake pekee, hukaa popote na husema lolote. Iliamuliwa waazimwe wachezaji sita kutoka Likoni na Changamwe, wale ambao sisi huwaita mamluki. Kila mmoja angelipwa nauli, chakula cha mchana na shilingi 500 kwa mechi. Mzee mmoja aliyekuwa beki zama zake alitikisa kichwa akasema, "Wanangu, nguo ya kuazima haisitiri matako." Tulicheka. Mimi niliinua mkono kuunga mkono hoja, na nikachanga shilingi elfu moja.

Tulifika nusu fainali, sikatai. Siku hiyo ya nusu fainali mamluki wanne hawakutokea, kwa kuwa timu nyingine iliwaongezea pesa. Tulifungwa mabao manne kwa nunge. Jumatatu yake tulikuwa na deni la jezi, hatuna ng'ombe, na lililoniuma zaidi ni kwamba vijana watatu wetu wenyewe, tuliowaweka benchi ili wageni wacheze, walikuwa wamekwenda kujiunga na kijiji jirani. Nani angewalaumu?

Sisi ndio tunaochagua kwanza

Tangu siku hiyo nimelitafakari sana jambo hili, na rai yangu ni kwamba timu ndogo za Kwale hazimo mkiani katika kuchagua. Ziko mbele ya wote. Hakuna mtafutaji vipaji wa Nairobi anayemwona mtoto wa miaka 12 akipiga chenga kwenye kiwanja cha mchanga Gazi. Hakuna kocha wa ligi kuu anayejua nani anaruka vyema miongoni mwa watoto wa wavuvi wa Shimoni na Vanga. Sisi tunawaona kila jioni, na tunajua mama yake ni nani na kaka yake aliharibikiwa wapi. Timu kubwa humpata kijana akiwa na miaka 18 au 20, wakati sisi tumeshamtazama kwa miaka minane. Nafasi ya kwanza ni yetu, ila tunaitupa kwa kungoja kombe.

Basi tumchague nani? Hapa kila shabiki ana dini yake, na yangu ni hii. Usianze na mfungaji. Wafungaji huja wenyewe, maana hakuna mtoto asiyependa kufunga bao. Anza na mlinda lango, na usimpate kwa njia ile ya ufuoni ya kumtwika aliyebaki. Mpate mtoto anayependa kuanguka, mwenye mikono isiyoogopa mpira, umfundishe kuanzia miaka 12, kwa sababu kazi hiyo huchelewa kuiva. Kisha tafuta mabeki wawili wa kati wanaosema na wenzao. Halafu mwenye mguu wa kushoto. Hao ni adimu kama mvua ya Januari, na ukimwona mmoja mwandike kabla jirani hajamwona. Kiungo wa kugawa mpira atajitokeza mwenyewe katikati yao.

Na zaidi ya miguu, mimi hutazama nani anafika mazoezini siku ya mvua. Mwenye kipaji asiyefika si mchezaji, ni mgeni wa heshima.

Wako watakaoniuliza kama njia hii imewahi kufaulu mahali. Imefaulu. Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilianzishwa mwaka 1987 katika mitaa ya mabanda jijini Nairobi, watoto wakicheza na kusafisha mitaa yao. Kutokana nacho ilizaliwa Mathare United mwaka 1994. Timu hiyo ilitwaa Kombe la Moi mwaka 1998 na mwaka 2000, na mwaka 2008 ikawa bingwa wa ligi kuu. Tangu mtoto wa kwanza kusajiliwa hadi ubingwa wa ligi ilikuwa miaka 21. Waama, hata wao walianguka. Mwaka 2022 waliteremshwa ngazi, wakarudi ligi kuu mwaka 2024.

Ndugu zetu wa Vanga na Lunga Lunga, ambao kwao Tanga ni jirani kuliko Nairobi, watanitajia Yanga. Ni kweli, Yanga ilitazama Simba ikichukua ubingwa wa Tanzania misimu minne mfululizo, kuanzia 2017/18 hadi 2020/21, kisha ikajijenga upya, ikatwaa ubingwa wa 2021/22 bila kupoteza mechi, na mwaka 2023 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Ilikosa kombe hilo kwa USM Alger ya Algeria kwa sababu ya bao la ugenini tu. Lakini Yanga ilikuwa na mfadhili mwenye mfuko mzito, ikawaleta kina Djigui Diarra kutoka Mali na Fiston Mayele kutoka Kongo. Sisi tutamleta nani, na kwa nauli ya nani?

Kumtegemea mfadhili Kwale ni kujenga nyumba ufuoni wakati wa bamvua. Kiwanda cha zamani cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988. Hoteli za Diani zilitikisika baada ya ghasia za Likoni za Agosti 1997, na wengi wakapoteza kazi. Uchimbaji wa madini wa Base Titanium, ulioanza mwaka 2013, ulikoma Desemba 2024. Kila mara kazi inapoondoka, vijana nao huondoka, na timu iliyokuwa ikining'inia kwenye mfuko wa mtu mmoja huanguka pamoja na mfuko huo.

Karatasi ni mali

Sasa nije kwenye jambo ambalo mashabiki wenzangu hawapendi kulisikia, kwa kuwa halina chenga wala bao. Ni karatasi.

Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akinunuliwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla mkataba wake kumalizika, asilimia 5 ya bei hiyo hugawiwa vilabu vyote vilivyomlea tangu alipotimiza miaka 12 hadi 23. Kila mwaka kati ya 12 na 15 hupata robo ya asilimia moja ya bei yote, na kila mwaka kati ya 16 na 23 hupata nusu ya asilimia. Ni kidogo? Victor Wanyama alipouzwa na Celtic kwa Southampton mwaka 2013, bei iliyoripotiwa ilikuwa pauni milioni 12.5. Robo ya asilimia ya pesa hizo ni pauni 31,250, zaidi ya shilingi milioni 4 kwa thamani ya wakati huo. Hizo ni za mwaka mmoja tu wa malezi. Kwa pesa hizo mtaa wetu ungenunua jezi, mipira na nyavu mpaka wajukuu.

Lakini klabu haipati hata senti ikiwa haijasajiliwa na shirikisho, wala ikiwa mtoto huyo hakuandikishwa kama mchezaji wake. Daftari la mwenyekiti lenye majina ya utani halitoshi. Na kumwandikisha mtoto kunahitaji cheti cha kuzaliwa.

Watu wa Kwale wanalijua vyema jambo la vyeti. Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji wakaja kufanya kazi katika mashamba ya katani na miwa, waliishi hapa miongo mingi bila uraia, watoto wao wakizaliwa papa hapa. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai haki yao, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya na kuanza kupewa vitambulisho. Kabla ya hapo, mtoto wa Kimakonde angeweza kuwa mchezaji bora wa wilaya nzima, na bado asingekuwa mchezaji wa timu yoyote kwa mujibu wa karatasi.

Cheti hukomesha pia ule ugonjwa wetu wa kuficha umri. Mtu ana ndevu, watoto wake wanamshangilia pembeni, naye amevaa jezi ya chini ya miaka 17. Kombe la mwaka huu litapatikana, lakini mtoto wa kweli wa miaka 15 aliyeachwa benchi hatarudi.

Shimo jingine ni kati ya kidato cha nne na miaka 20. Hapo ndipo tunapowapoteza wengi, kwa kuwa shule inakwisha na kazi haijapatikana. Nimependekeza kwa kamati kwamba kijana anayemaliza shule apewe kikosi cha watoto akifundishe, kisha asaidiwe kujifunza urefa. Shirika la Moving the Goalposts, lililoanzishwa Kilifi mwaka 2001, limefanya hivyo kwa wasichana: wenyewe ndio makocha, ndio marefa na ndio wanaoendesha ligi zao. Kwa nini wavulana wakae kwenye kibao cha bodaboda wakingoja simu kutoka Mombasa?

Simu hiyo ikija kwa utaratibu, siipingi. Bandari, timu kubwa iliyo karibu nasi, ilitwaa kombe la shirikisho mwaka 2015 na mwaka 2019, na ilimaliza ya pili katika ligi mwaka 2018 na tena msimu wa 2018/19, ikiongozwa na Bernard Mwalala, mtoto wa Pwani. Kijana wetu akivuka feri kwenda kuichezea tutamshangilia. Ila avuke na karatasi zenye jina la klabu yake.

Kamati imenisikiliza nusu nusu. Mashindano ya ng'ombe tumeyaacha mwaka huu, na wapo wasionisalimu kwa sababu hiyo. Badala yake, kila Jumamosi asubuhi kuna mazoezi ya walio chini ya miaka 14. Jumamosi iliyopita niliwahesabu 23, wawili kati yao wa mguu wa kushoto. Wenye vyeti vya kuzaliwa walikuwa tisa. Mwenyekiti aliwaita wazazi waliokuwa wamekaa kivulini, akauliza nani atakwenda ofisi ya usajili wiki hii na kwa nauli ya nani. Kina mama watatu walisimama. Yule mzee wa nguo ya kuazima akatoa shilingi mia mbili mfukoni, akaziweka juu ya daftari, kisha akanitazama mimi.