Mguu wa Mchezaji Ndio Mguu wa Jembe

Mavuno yakishaingia ghalani vijana wa Mtumba na vijiji jirani hurudi uwanjani. Uwele umekwisha purwa, karanga zimechambuliwa, na kila jioni zinasikika kelele za mpira mpaka giza linaingia. Ni jambo jema. Lakini kila msimu wapo wanaotoka uwanjani wamebebwa. Mvua za Desemba zikianza, mwenye goti bovu hawezi kuinama na jembe, na nyumba yake imepungukiwa na mikono miwili wakati ule ule inapohitajika. Ndiyo maana leo tunazungumza juu ya kuumia michezoni.

Watu wengi husema kuumia ni bahati mbaya tu. Eti siku yake ilifika. Sisi hatukubali. Bahati mbaya ipo, lakini mengi yanayotokea uwanjani yana sababu zinazojulikana, na jambo lenye sababu linaweza kuzuiwa. Wataalamu wa nchi mbalimbali wamekaa miaka mingi wakiandika nani ameumia, ameumia wapi na alikuwa akifanya nini. Wameona kwamba katika mpira wa miguu sehemu zinazoumia zaidi ni kifundo cha mguu, goti na msuli wa nyuma ya paja. Tena wameona jambo la kushangaza kidogo: mara nyingi goti linaharibika bila mtu kuguswa na mwenzake. Amekimbia, amegeuka ghafla, basi, ameanguka.

Linaharibikaje? Mkichinja mbuzi, pale kwenye goti mnakuta kamba nyeupe, ngumu, ambazo kisu kinazikata kwa shida. Hizo ndizo kano. Nasi tunazo. Kazi yake ni kufunga mfupa na mfupa visiachane. Ndani ya goti la mtu zimo kano mbili zilizopishana kama msalaba. Mtu akiruka na kutua mguu ukiwa umenyooka, au goti likiingia upande wa ndani, kano ya mbele inavutwa kupita kiasi na kukatika. Wengine husikia mlio, "pwa!", na goti huvimba saa chache tu baadaye. Kano hiyo ikikatika kabisa, kwa kawaida haijiungi yenyewe vizuri. Wengine hutengenezewa nyingine kwa upasuaji, katika hospitali kubwa kama ile Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Ni safari ndefu na gharama kubwa kwa mkulima.

Akina mama na dada zetu wanaocheza netiboli au mpira wa miguu wasikilize vizuri hapa. Uchunguzi umeonyesha kuwa katika michezo ya namna hii wasichana hukatika kano hiyo mara 2 hadi 3 zaidi ya wavulana. Netiboli nayo ina sheria yake: ukishadaka mpira huruhusiwi kukimbia nao. Unaruka, unadaka, unatua na kusimama papo hapo. Uzito wote unaishia gotini. Kwa hiyo jifunzeni kutua kama paka, magoti yamekunjwa, yakielekea mbele sawa na vidole vya miguu. Mwalimu wa timu akisikia kishindo kikubwa mchezaji anapotua, ajue kutua huko hakufai.

Sasa dawa ya kuzuia. Mwaka 2006 shirika la mpira duniani, FIFA, pamoja na wataalamu wa Norway na Marekani, walitengeneza mazoezi ya kupasha mwili moto yanayoitwa "11+". Huchukua dakika 20 hivi. Walioyajaribu kule Norway ni wasichana 1,892. Nusu ya timu ziliyafanya, nyingine ziliendelea na desturi yao. Matokeo yalitangazwa mwaka 2008: katika timu zilizofanya mazoezi, walioumia walipungua kwa karibu theluthi moja, na kuumia vibaya kulipungua kwa karibu nusu. Mtu atasema, hao ni Wazungu, wana nyasi na viatu. Haya, mwaka 2014 yalitangazwa matokeo ya Lagos, Nigeria. Vijana 416 wa timu 20 walifuatwa kwa muda wa miezi 6. Timu zilizofanya mazoezi ziliumia pungufu kwa asilimia 41. Mazoezi hayo hayaulizi rangi ya mtu.

Yanafanyika namna hii. Kwanza, kwa dakika 8 hivi, wachezaji wanakimbia polepole wawili wawili, wakifungua nyonga, wakirudi nyuma na kugongana mabega kwa upole. Halafu dakika 10 za nguvu na kusimama imara, na hapa ndipo timu nyingi za vijijini zinaparuka. Lala kifudifudi, ujiinue kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili unyooke kama ubao, utulie kadiri ya nusu dakika. Simama kwa mguu mmoja nusu dakika huku mwenzako akijaribu kukusukuma taratibu. Chuchumaa na kuinuka. Ruka na kutua kimya. Mwisho dakika 2 za kukimbia kwa kasi na kugeuka.

Lipo moja tunataka kulieleza zaidi, maana linahitaji mwenzako tu na mahali laini pa kupigia magoti, hata gunia. Piga magoti. Mwenzako akushike vifundo vya miguu kwa nguvu, visinyanyuke. Mwili ukiwa umenyooka kuanzia magoti mpaka kichwa, inama mbele polepole, polepole sana, ukijizuia kwa misuli ya nyuma ya mapaja. Ukishindwa, dondokea mikono. Siku za kwanza fanya mara 3 hadi 5 tu, kwani kesho yake mapaja yatauma. Timu zinazofanya zoezi hili zimeonekana kupunguza karibu nusu ya majeraha ya msuli ule wa nyuma ya paja, ule unaomfanya mshambuliaji asimame ghafla ameshika paja kama aliyepigwa mshale.

Lakini mazoezi haya yafanywe angalau mara 2 kwa wiki. Kuyafanya siku ya fainali peke yake ni kazi bure.

Uwanja nao unaumiza. Hapa kwetu Dodoma, kiangazi ardhi inakuwa ngumu kama sakafu, imejaa mawe, visiki na miiba, na wengi wanacheza peku. Kabla ya mchezo wachezaji wote wapange mstari mmoja, watembee kutoka goli hadi goli wakiokota. Mashimo yafukiwe. Milingoti ya magoli ichimbiwe imara, kwa sababu watoto huning'inia juu yake, na mlingoti ukianguka unaua. Mbuzi na ng'ombe wanapita uwanjani, na vijidudu vya pepopunda vinakaa katika udongo na mavi ya wanyama. Kidonda chochote kioshwe kwa maji mengi na sabuni, na mchezaji aulize zahanati kama chanjo yake ya pepopunda bado inamkinga. Mavumbi tu hayafunikwi na majani ya kutafuna, jamani.

Akishaumia je? Wengi wetu mara moja tunachua, tunakanda kwa maji ya moto. Siku mbili tatu za mwanzo hilo linaongeza uvimbe. Damu inavuja ndani, nawe unaichochea. Mtoe uwanjani, mlaze, mwinue mguu juu ya kitu, weka kitambaa kilicholoweshwa maji baridi ya mtungi kwa dakika 10 au 15, urudie. Funga kwa kipande cha khanga, lakini kisikaze. Pombe asipewe. Baada ya siku hizo aanze kuutembeza mguu kidogo kidogo kadiri maumivu yanavyomruhusu. Kumlaza mwezi mzima kwa sababu ya kuteguka kunaudhoofisha mguu.

Tutajuaje kama umeteguka au umevunjika? Madaktari wa mji wa Ottawa, Kanada, walitafuta kipimo rahisi miaka ya 1990, na kinatumika duniani. Kwa kifundo cha mguu, uliza: anaweza kukanyaga hatua 4, hata kwa kuchechemea? Kisha bonyeza ile mifupa miwili iliyochomoza kushoto na kulia kwa kifundo, kwenye ncha zake na upande wa nyuma. Akishindwa hatua 4, au akilia mfupa unapobonyezwa, apelekwe hospitali akapigwe picha ya eksirei. Sisi wa Mtumba tuna nafuu, barabara kuu ya Dar es Salaam inapita hapa, na hospitali ya rufaa ya mkoa iko mjini Dodoma.

Mguu ukionekana umepinda, usiunyooshe. Ufunge na vijiti viwili vilivyonyooka jinsi ulivyo. Mfupa ukitokeza nje, funika kwa kitambaa safi, usiurudishe ndani. Na hapa tunasema wazi jambo ambalo wazee wengine hawatalipenda. Waunga mifupa wa jadi wanaheshimiwa, na wapo wanaosaidia watu. Lakini madaktari wa nchi nyingi za Afrika wameona wagonjwa waliofungwa vijiti kwa kukazwa mno hadi damu ikashindwa kupita. Nyama ikafa, mguu ukakatwa. Kijana aliyevunjika tu anarudi nyumbani na mguu mmoja. Yeyote aliyefunga, daktari au mzee, angalia vidole: vikiwa baridi, vimebadilika rangi, au mgonjwa akisema havina hisia, legeza kamba saa ile ile na umwahishe hospitali.

Aliyegongwa kichwa akazimia, hata kwa muda mfupi, harudi uwanjani siku hiyo, na ni lazima aonwe na mganga wa hospitali. Akitapika, akisinzia ovyo au akiongea yasiyoeleweka, msisubiri asubuhi. Akisema shingo inauma, asibebwe mgongoni wala kupakiwa pikipiki katikati ya watu wawili. Atulizwe hapo hapo, kichwa kishikwe kisiyumbe, gari liitwe.

Vijana hupenda kutaja jina la John Stephen Akhwari wa Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika mbio ndefu za Olimpiki kule Mexico City, alianguka akaumia goti na bega, akafungwa bandeji, akaendelea mpaka mwisho. Aliingia wa mwisho, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Watu 75 walianza, 57 wakamaliza. Nchi nzima inamheshimu, nasi pia. Lakini yeye alikuwa amebeba bendera ya taifa, mbele ya dunia. Wewe unacheza kugombea mbuzi siku ya Jumapili, na Jumatatu una shamba. Kapteni anayemwambia mwenzake "kaza moyo kama Akhwari" wakati goti limevimba, anamwonea.

Maana jambo ambalo uchunguzi umelirudia mara nyingi ni hili: aliyewahi kuumia ndiye anayeumia tena upesi, hasa akirudi kabla ya kupona. Kipimo cha kuanzia ni rahisi. Mchezaji asimame kwa mguu uliokuwa mgonjwa, aruke papo hapo mara 10, kisha afanye hivyo kwa mguu mzima. Miguu yote miwili iruke sawa, bila maumivu. Akiruka mara 5 huku amekunja uso na kusema "niko sawa, mwalimu", akae benchi wiki nyingine.