Mafunjo yakiisha Busia, maskini atabaki na nini?

MTO Sio unaposhuka kutoka Bungoma kuelekea Ziwa Victoria, sehemu ya safari yake ndiyo mpaka wa Kenya na Uganda. Kabla ya kuingia ziwani karibu na mji wa Sio Port, Kaunti ya Busia, mto huo hupoteza kasi na kutawanyika katika vinamasi vilivyojaa mafunjo.

Kwa msafiri anayekimbilia forodha ya Busia au Malaba, hilo ni pori tu. Kwa familia zinazoishi kandokando yake, kinamasi ni ghala la chakula, chanzo cha maji na, mambo yanapoharibika, kimbilio la mwisho.

Hapo ndipo panapoonekana waziwazi jinsi mambo matatu yanavyofungamana: mabadiliko ya tabianchi, kupungua kwa bayoanuwai, yaani wingi wa aina za mimea na viumbe, na umaskini.

Ulimwenguni mambo hayo yamezoea kujadiliwa kando kando. Viongozi walipokutana Rio de Janeiro mwaka 1992, walifungua mikataba miwili tofauti, mmoja wa tabianchi na mwingine wa bayoanuwai. Ilichukua hadi Juni 2021 kwa wanasayansi wa majopo ya kimataifa yanayoshughulikia masuala hayo kutoa ripoti ya warsha yao ya kwanza ya pamoja. Mkulima wa Samia au Bunyala hakuhitaji warsha. Kwake mambo hayo huingia shambani siku moja.

Kazi ya mafunjo

Mafunjo hufanya kazi ambayo serikali ingelipa mabilioni kuifanya kwa mitambo. Shina na mizizi yake hupunguza kasi ya maji ya mafuriko, hunasa udongo uliosombwa kutoka mashambani na kuyachuja maji kabla hayajafika ziwani. Masalia yake yanayorundikana chini ya maji huhifadhi kaboni ambayo vinginevyo ingeongeza joto angani.

Humo humo samaki wachanga hupata hifadhi. Akina mama hukata mafunjo ya kusukia mikeka, wafinyanzi huchimba udongo, na wafugaji hupeleka ng'ombe wakati nyasi za nyanda za juu zimekauka. Ndege adimu mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano hujenga kiota ndani ya mafunjo na hawezi kuishi kwingine. Kinamasi cha Sio Port na mbuga za nyasi za Busia zimo katika orodha ya maeneo muhimu ya ndege nchini.

Thamani ya vinamasi hivi ilidhihirika mbuta alipoletwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960. Alipoongezeka miaka ya 1980, aina nyingi za samaki wa asili zilitoweka, na ngege, aliyekuwa kitoweo cha kila nyumba, karibu aishe kabisa katika ziwa kuu. Lakini alisalia katika Ziwa Kanyaboli, ndani ya Kinamasi cha Yala katika kaunti jirani ya Siaya. Mbuta hastahimili maji ya kinamasi yenye hewa haba, hivyo mafunjo yakawa ukuta uliomlinda ngege.

Mvua zinapokosea msimu

Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa takriban watu saba kati ya kila kumi Busia waliishi katika umaskini, karibu mara mbili ya kiwango cha taifa. Wengi wao hutegemea mvua na shamba dogo la mahindi, mihogo au mtama.

Mvua ya masika ikichelewa, mbegu hukauka ardhini. Ikinyesha yote kwa mpigo, husombwa. Mkulima asiye na akiba wala bima hubaki na njia moja: kushuka kinamasini, ambako udongo bado una unyevu. Hufyeka mafunjo na kupanda mboga, nduma au mpunga, au huyauza mafunjo yenyewe. Wengine hukata miti na kuchoma makaa.

Huo si ujinga, kwa kuwa mzazi mwenye watoto wenye njaa hana jingine la kufanya. Lakini gharama yake huja baadaye. Kinamasi kilichofyekwa mara kwa mara hukauka, samaki hukosa mazalio, na maji hufika ziwani yakiwa tope. Mvua kubwa ijayo haikuti tena cha kuipunguza kasi, nayo familia ile ile hupoteza mazao kwa mara ya pili na kurudi kinamasini ikiwa maskini zaidi.

Budalang'i inaujua mzunguko huo. Mto Nzoia, unaoanzia Mlima Elgon na milima ya Cherang'any, hubeba udongo wa mashamba ya mbali na kuumwaga katika uwanda huo. Mwaka 2020, wakati kuta za kuzuia mafuriko zilipobomoka na maelfu ya watu kuhama, Ziwa Victoria nalo lilipanda na kuvunja rekodi ya mwaka 1964. Mwaka 2024 lilipanda tena.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulikadiria kwamba ongezeko la joto duniani lilizidisha uwezekano wa kupanda kwa ziwa mwaka 2020 kwa karibu mara mbili, ingawa watafiti walitahadharisha kuwa makadirio hayo si ya uhakika kamili. Bara zima la Afrika huchangia chini ya asilimia tano ya hewa chafu inayosababisha joto hilo.

Tiba nusunusu

Kila tatizo likitibiwa peke yake, tiba huzaa ugonjwa mwingine. Mikaratusi iliyopandwa kandokando ya mto kwa jina la kuokoa mazingira hunywa maji ya chemchemi. Kuwafukuza wakulima kinamasini bila kuwapa riziki nyingine huwahamishia uharibifu mahali pengine.

Kukausha kinamasi kwa kilimo kikubwa nako kuna mafunzo yake. Kampuni ya Dominion Farms kutoka Marekani ilikodi sehemu ya Kinamasi cha Yala mwaka 2003 na kulima mpunga, kukazuka mvutano na baadhi ya wakazi kuhusu ardhi na malisho, kisha ikaondoka mwaka 2017.

Kuna tiba zinazogusa mambo yote matatu. Mojawapo ni kilimo cha vuta-sukuma, kilichobuniwa na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe pamoja na washirika wake katika miaka ya 1990 na kuenea magharibi mwa Kenya. Mmea wa desmodiamu hupandwa kati ya mahindi na mabingobingo pembeni. Harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo ambao viwavi wao hutoboa mabua, nayo mabingobingo huwavuta. Mizizi ya desmodiamu huua kiduha, gugu linalofyonza mahindi, huku ikiongeza rutuba, na majani yake hulishwa ng'ombe. Shamba la juu likizaa vizuri, haja ya kufyeka kinamasi hupungua.

Mafunjo pia yanaweza kuvunwa kwa zamu, sehemu moja ikikatwa huku nyingine ikiachwa ichipuke. Hilo linahitaji wakazi wa pande zote mbili za mto kukubaliana. Uganda ilitunga sera yake ya ardhi oevu mwaka 1995, na Kenya ikaweka kanuni zake mwaka 2009. Chini ya Ushirikiano wa Bonde la Mto Nile, nchi hizo zilianzisha mradi wa pamoja wa mabonde ya Sio, Malaba na Malakisi. Samaki na mafuriko hayasimami forodhani, kwa hiyo zuio la upande mmoja halina maana ikiwa mafunjo ya ng'ambo yanafyekwa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Budalang'i kuta zimejengwa, zikabomoka, zikajengwa tena. Ufa wenyewe uko katika mashamba yasiyozaa, milima iliyofyekwa na vinamasi vinavyokauka, na kuuziba kunaanza kwa kumwezesha mkulima maskini kuishi bila kulazimika kuyala mafunjo yanayomlinda.