Ferdinand Omanyala: mkimbiaji aliyeanza mbio akiwa tayari chuo kikuu



Juzi mwenzetu mmoja wa promosyo yangu aliniambia: "Mukubwa, mi niko na miaka 28. Lisansi iko ndani ya valizi, kazi hakuna. Sisi tulishachelewa." Pale pale sikupata jibu. Leo najaribu kumjibu, na nitapitia kwa mtu wa nchi jirani, Mkenya Ferdinand Omanyala.

Kwenye mbio fupi, tumezoea kuona vipaji vikitoka mapema. Usain Bolt alikuwa bingwa wa dunia wa vijana kwenye mita 200 mwaka 2002, akiwa na miaka 15. Omanyala, aliyezaliwa mwezi wa kwanza 1996, hakupita njia hiyo. Alikuwa anacheza ragbi, akaingia Chuo Kikuu cha Nairobi kusoma kemia, na alipokaribia miaka 20 njo akaanza mbio fupi kwa kweli. Na alianza ndani ya nchi ambayo dunia nzima inaijua kwa mbio ndefu.

Halafu mwaka 2017 akaanguka. Vipimo vilikuta betamethazoni ndani ya mwili wake, dawa iliyokatazwa kwa wanamichezo. Yeye alisema ilitoka kwa sindano ya maumivu ya mgongo. Hata hivyo alifungiwa miezi 14, juu sheria ya michezo inasema kila mwanamichezo anajibu kwa kile kinachoingia mwilini mwake. Sisi wa agronomia tunawaambia wakulima kila siku: soma kwanza karatasi ya dawa, halafu upulize. Ni somo lile lile.

Wengi wangeacha. Yeye alirudi. Mwezi wa tatu 2021 alikimbia sekunde 10.01 kule Lagos. Mwezi wa nane, kwenye nusu fainali ya Olimpiki ya Tokyo, 10.00. Siku chache baadaye kule Austria, 9.86. Na tarehe 18 mwezi wa tisa, Nairobi, 9.77. Siku ile Mmarekani Trayvon Bromell alimtangulia na 9.76, lakini rekodi ya Afrika, iliyokuwa 9.84 ya Akani Simbine wa Afrika Kusini, ilihamia Kenya. Omanyala alikuwa na miaka 25. Mwaka uliofuata akawa bingwa wa Afrika na bingwa wa Jumuiya ya Madola.

Iliwezekana namna gani? Watu wanasema ni juu ya hewa ya Nairobi. Ni kweli kidogo. Nairobi iko juu ya mita 1,600, hewa ni nyepesi, na mwenye kukimbia mbio fupi anasukumana na upepo mdogo. Lakini Lagos iko kando ya bahari, na kule Austria alikokimbia 9.86 hakufiki urefu wa Nairobi. Mlima peke yake hautoshi kueleza.

Mimi naona sababu kubwa ni mbili. Ya kwanza, hakuanza na mikono mitupu. Mita 100 ni kutoka kwa nguvu, kuongeza kasi mpaka karibu mita 60, halafu kupigana ili kasi isipungue. Mchezaji wa ragbi anatoka mbio hivyo mara nyingi ndani ya mchezo mmoja. Miguu ilishajifunza kabla yeye hajajua itafanya kazi gani. Ya pili ni miaka. Kutoka 2016 mpaka 2021 ni miaka kama mitano, toa ile miezi 14.

Sasa niseme kama mtu wa shamba. Kiazi cha Masisi unakivuna baada ya miezi mitatu ao minne. Kahawa inaomba miaka mitatu ao minne ndipo uone matunda ya kwanza. Anayeng'oa kahawa mwaka wa pili atasema shamba ni baya, kumbe amehesabu vibaya. Hesabu kutoka siku ulipanda, usihesabu kutoka siku ulizaliwa.

Lakini nisikudanganye. Kahawa isiyopaliliwa haizai hata ikikaa miaka kumi. Na hata ukifika, si kila siku ni sherehe: Omanyala alikuwa wa saba kwenye fainali ya dunia ya Budapest 2023, na Paris 2024 aliishia nusu fainali, ingawa wiki chache mbele yake alikuwa amekimbia 9.79.

Mimi mwenyewe nilimaliza lisansi na miaka 27, juu vita vilikata masomo yetu mara mbili. Dosye zangu zimerudi bila jibu, sikumbuki ngapi. Tangu mwaka jana nafundisha wakulima wa vijiji viwili kuchagua mbegu nzuri ya viazi. Malipo ni kidogo, mara nyingine ni kilo chache za viazi. Lakini kama kuna mtu ananiuliza nilianza lini, niko na tarehe ya kumpa.

Ndugu yangu wa miaka 28, njo jibu langu hilo. Toa lisansi ndani ya valizi. Uniambie wiki hii utapanda nini.